Marashi ya Panki Kwenye Harusi ya Alida

Nawaambia mapema ili mcheke mmalize kabla sijafika katikati: sokoni Rumonge, mjini kwetu kando ya ziwa, siku hizi naitwa Mama Esansi, na mtu akiniita hivyo nageuka na kuitika, maana nimechoka kukataa. Jina langu ni Godeliva. Nashona nguo, naimba sauti ya pili kwenye kwaya, na tangu turudi kutoka Tanzania (mimi kwenye kambi ya wakimbizi ndiko nilikozaliwa na kukulia) hakuna mtu aliyewahi kunisema vibaya, kwa sababu hakukuwa na cha kusema. Nilikuwa mtu wa "Godeliva, tusaidie vyombo," mtu wa "Godeliva, sogea kidogo mgeni akae," na mimi nasema sawa, nasogea, naosha. Hata kwenye picha za kwaya utaona bega langu hapa, sikio langu pale, lakini Godeliva mzima hutamwona. Basi huyo mpole ndiye aliyesababisha gari la harusi lisukumwe kwa mikono mchana kweupe, na watu wenye bidoni, yaani madumu ya mafuta, wakiwa nyuma.

Yote ni marashi. Binamu yangu Esperansi anaishi Ubelgiji, anauza kwenye duka la manukato, na kuna mtu alikuwa anakuja Bujumbura akampa kifurushi changu. Nakifungua, naona chupa nyeusi imevishwa ngozi, ngozi yenyewe imepigwa misumari midogo ya chuma, mfuniko umechomwa pini kubwa kama ile ya kufungia nepi, na kicheni kinaning'inia pembeni. Nilidhani ni dawa ya mende. Nikampigia simu.

"Hiyo ni marashi ya panki," akaniambia.

"Panki ndiyo nani?"

"Siyo mtu, Godi, ni muziki. Zamani huku Ulaya vijana walichoka kuambiwa kaeni kimya, wakavaa ngozi zilizochanika, wakasimamisha nywele kama upanga wa jogoo, wakapiga magitaa kama watu wanaobomoa nyumba. Sasa wametengeneza marashi yenye harufu ya muziki huo."

"Muziki una harufu gani?"

"Jipake tu! Ndani kuna maganda ya machungwa, ngozi na esansi."

Hapo kwenye esansi ndipo nilipopotea. Huku kwetu esansi ni ile ya kutia kwenye gari, kila mtu anajua, lakini mimi Kifaransa changu ni cha kusalimia tu, na niliwahi kusikia kwamba wenye Kifaransa chao wana esansi ya maua pia, ile wanayokamua kwenye waridi. Nikasema moyoni ni hiyo, maana nani atatia mafuta ya gari kwenye marashi? (Wazungu. Wazungu watatia.) Kisha Esperansi akanitumia kipande cha huo muziki kwenye simu. Jamani, mtu anapiga kelele kama ameibiwa kuku wote kwa mpigo, na nyuma yake kuna ngoma zinakimbia kama zinafukuzwa na polisi. Nilicheka mpaka nikaacha cherehani. Nikausikiliza tena. Mara ya tatu niliusikiliza nimefunga mlango, na hapo sikuwa nacheka.

Sasa harusi. Alida ni mtoto wa majirani zangu wa Gatete, nje ya mji, nimemshonea sare tangu anaanza shule, na alipopata mchumba akasema marene wake nitakuwa mimi. Marene ni yule mama anayesimama na bibi harusi kuanzia nyumbani mpaka kanisani, anamshika mkono, anamfuta jasho, anakaa naye kwenye gari, anatokea kwenye kila picha. Mama yake Alida alitaka dada yake wa Bujumbura, mwenye vitambaa vya gharama, lakini Alida alikataa kabisa. "Nataka Tanti Godi," akasema, maana kwake mimi ni shangazi. Basi mama yake akaja kwangu, akakaa, akanywa chai, akaniambia kwa upole ule wa kuumiza, "Godeliva, dada yangu nimeshamwambia asubiri. Lakini jitahidi na wewe uonekane. Marene siyo mtu wa kujificha."

Nikasema sawa, nitaonekana.

Asubuhi ya harusi nikaoga, nikajipaka yale marashi kidogo shingoni, na kweli yakatoa harufu ya chungwa linapomenywa, nzuri sana, laini. Rafiki yangu Furaha akaja kunifunga imvutano (vazi letu la sherehe, nilikuwa nimejishonea ya zambarau, kitambaa kinashuka begani kama maji). Furaha ni Mukongomani wa upande wa Baraka, anauza vitenge karibu na mashine yangu, na huwa hamung'unyi maneno. Akaninusa.

"Unanukia machungwa, dada. Kama mutoto wa shule."

"Kama mtoto?"

"Eeh. Ni muzuri. Inakufaa, weye uko mupole."

Hilo neno ndilo lililoniponza. Alipotoka kwenda kutafuta viatu vyake nikaichukua ile chupa nikajinyunyizia mikononi, fss, kifuani, fss fss, kwenye nywele, kwenye imvutano mbele na nyuma, nikainua kitambaa nikapiga na ndani, na kwa kuwa pua yangu ilishazoea na sikusikia tofauti yoyote, nikapiga tena. Nilichokuwa sijui (Esperansi alinieleza baadaye, kwa kicheko ambacho sijamsamehe) ni kwamba marashi hayo chungwa ni mlango tu. Chungwa likiondoka ndipo panki wanaingia.

Hali ya esansi mnaijua. Magari yalikuwa yamelala kwenye foleni za pampu mpaka majani yakaota chini ya magurudumu, na wenye taxi-moto walikuwa wanakaa juu ya pikipiki zao kama watu wanaosubiri zizae. Baba yake Alida alikuwa ameihangaikia esansi ya gari la harusi wiki nyingi, mara kwa huyu, mara kwa yule, na mtaa mzima ulijua kwamba tenki la gari la Dezire lina kitu. Dezire ndiye shoferi, mtu wa heshima, shati jeupe, analipenda gari lake kuliko ndugu zake.

Tukapanda. Dezire kwenye usukani, Papa Alida mbele, mimi na bibi harusi nyuma. Vioo vyote tukapandisha, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu nywele za Alida zilikuwa zimejengwa kama nyumba ya ghorofa na upepo wa ziwa ungezibomoa. Jua linapiga. Sisi ndani tumefungwa kama ndagala kwenye kopo.

Tulipofika pale michikichi inapoanza kusogeleana na barabara, nikaona Dezire anakunja pua. Akaangalia mshale wa mafuta. Akakunja tena.

"Papa," akasema, "mnasikia esansi?"

Papa Alida akanusa. "Nasikia. Mana yanje! Nasikia sana."

"Hata mimi nasikia," akasema Alida. "Na kama kitu kinaungua hivi. Kama tairi."

Dezire akanitazama kwenye kioo. "Tanti Godi, na huko nyuma iko?"

Ndugu zangu, kusema ukweli mimi sikusikia kitu. Kwangu mimi gari zima lilikuwa halina harufu. Lakini wote watatu wanasikia, halafu mimi marene niseme sisikii? Nikasema, "Iko. Tena huku ndiyo kali zaidi."

Dezire akapiga breki nikajigonga na kiti cha mbele. "Tokeni! Wote tokeni! Esansi iko inamwagika!"

Tukatoka mbio, Alida ameshika gauni mpaka magotini, mimi namshikia ushungi, Papa Alida amepoteza kiatu kimoja. Dezire akafungua boneti, akanusa kila mrija. Akalala chini kwenye vumbi na shati lake jeupe, akaingia chini ya gari, akatoka na mgongo wa rangi ya udongo. Hakuna tone. Wakati huo mimi na Alida tulikuwa tumesimama mbali, upepo wa ziwa unavuma, na Dezire akasema hapo gari limeacha kunuka. Tukaambiwa turudi ndani. Tumekaa tu, Dezire akaweka ufunguo, akanusa, akautoa haraka kama umemuunguza.

"Siwashi. Cheche moja tu, sisi wote pamoja na gauni tunaenda mbinguni."

"Sasa tufanye nini?" Papa Alida karibu alie. "Watu wako kanisani!"

Nyuma yetu wageni walikuwa wanakuja kwa miguu na kwa baisikeli, wanaume wa Gatete na suti zao, na akina mama wa kwaya, Furaha akiwa kati yao. Papa Alida akawatazama, akavua koti, akasema neno moja: "Tusukume."

Basi gari likasukumwa. Dezire kwenye usukani, vioo chini, ghorofa ya nywele za Alida inaanza kuinama upande mmoja, mimi nimekaa kama malkia wa sherehe, na wale wanaume nyuma wanasukuma huku wanakohoa. Mmoja alisema kwa sauti, "Hii siyo kuvuja, hii ni mto!" Nikatoa kichwa dirishani nikawapa pole. (Niliwapa pole, mnanielewa? Nilitoa kichwa kizima, na nywele zangu zote, kwenye upepo unaoelekea kwao.)

Kwenye njia panda ya kuingia mjini kuna kijiwe cha wenye taxi-moto. Wale watu walikuwa hawajanusa esansi siku nyingi, pua zao zilikuwa na njaa. Gari halijawafikia, nikamwona mmoja anasimama juu ya pikipiki yake, kidevu juu, kama mtu aliyesikia jina lake. Akapiga kelele, "Esansi! Esansi imefika!" Mara bidoni zikatoka sijui wapi, za njano, za bluu, mmoja na chupa ya maji tu, wakajipanga nyuma ya gari kwa adabu, foleni nzuri kuliko za pampu. Mmoja wao akasogea dirishani kwangu.

"Amahoro, mama. Hata litre moja tu."

"Mwanangu," nikamwambia, "sisi wenyewe unaona tunasukumwa."

"Lakini mama, iko inanuka!"

"Najua," nikasema. Nilisema najua!

Tukaingia uwanja wa kanisa hivyo, gari mbele, suti zenye jasho, kwaya, halafu bidoni. Pasteri alikuwa amesimama mlangoni na Biblia. Dezire akaruka nje akapaza sauti kwamba gari linavuja, wazime moto wote, na kwa kuwa pembeni ya kanisa kulikuwa na jenereta inayoendesha kinanda na vipaza sauti, mtu akakimbia akaizima. Wimbo wa kuingilia ukakatika. Kwa hiyo mimi na Alida tulitembea katikati ya kanisa lililojaa, hakuna kinanda, hakuna kipaza sauti, kimya cha kusikia hata viatu, na kila mstari tuliopita watu wakawa wanageuza nyuso mmoja baada ya mwingine kama mahindi yanayopigwa na upepo. Mimi nikasema moyoni, leo nimeonekana. Ile imvutano inawashangaza.

Mstari wa mbele alikaa bibi yake bwana harusi, wote tunamwita Nyogokuru. Masikio yake hayasikii vizuri, kwa hiyo anadhani na yetu hayasikii. Marene akifika mbele lazima awasalimu wazee wa upande wa pili, nikainama nikamkumbatia vizuri, shavu huku, shavu huku. Akanishika mabega, akanisukuma nyuma, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye bidoni nje:

"Yoo! Mwana wangu, umekunywa esansi?"

Halafu nikaona Dezire, aliyekuwa amesimama mlangoni, anageuka kulitazama gari lake, anageuka kunitazama mimi. Akaja. Alitembea polepole katikati ya kanisa akinusa kama mbwa wa mpakani, shati lina vumbi mgongo mzima, mpaka akafika begani kwangu. Akanusa mara moja. Akafunga macho.

"Gari yangu iko mzima," akasema. "Ni Tanti."

Sijui kama mmewahi kutamani sakafu ifunguke. Mimi niliichagua mpaka sehemu yenyewe, kati ya kiti cha Nyogokuru na maua. Pasteri akashuka kutoka madhabahuni, akasimama mbali kidogo, kitambaa puani.

"Dada Godeliva, ni nini hii?"

"Ni marashi, Pasteri."

"Marashi ya nini?"

"Ya panki."

"Panki ni nani?"

Kanisa zima linasubiri. Na mimi, ambaye sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya "amina," nikajikuta naeleza. Nikasema ni vijana wa Ulaya wa zamani, Pasteri, walikuwa wanapiga muziki wa kelele na kuvaa ngozi na misumari, kwa sababu walichoka kuambiwa nyamazeni.

Pasteri akawaza. "Na wewe," akaniuliza, na nadhani aliuliza kwa wema kabisa, "nani alikuambia nyamaza?"

Nikawatazama. Kwaya pale, akina mama wa vyombo pale, Mama Alida pale na kofia yake.

"Wote, Pasteri," nikasema.

Kwanza hakucheka mtu. Kisha mtu mmoja akapasuka, na alikuwa Mama Alida, alicheka mpaka kofia ikaanguka, akasema, "Mimi ndiye nilimwambia aonekane! Murakoze, asante, Godeliva, umeonekana mpaka kwenye kijiwe cha taxi-moto!" Hapo kanisa likaanguka. Alida alicheka mpaka ghorofa ya nywele ikamalizika kubomoka, ikamshukia mabegani, na niwaambie, alipendeza kuliko mwanzo. Bwana harusi alikuwa ameegemea meza ya Bwana, anajifuta machozi.

Furaha akanikamata mkono akanivuta nje, nyuma ya kanisa, kwenye pipa la maji. Akanisugua na sabuni ya mawese, ile ya mche, kama anasugua sufuria ya ugali.

"Dada, hii haitoki! Umejimwangia bidoni muzima?"

"Kidogo tu."

"Kidogo! Batu basukuma gari kutoka michikichini, weye unasema kidogo!"

Imvutano yangu ya zambarau ikaachwa kwenye waya, juani, na wenye taxi-moto wakawa wanapita kuinusa kwa huzuni. Nguo nyingine haikuwepo isipokuwa joho la kwaya, la bluu, la mwimbaji mmoja mrefu sana. Kwa hiyo kwenye picha zote za harusi ya Alida mtaona bwana harusi, bibi harusi mwenye nywele chini, na pembeni yao marene ndani ya joho la bluu, mikono haionekani, na nafasi kubwa ya hewa kati yake na wenzake. Lakini nimo mzima. Kichwa mpaka miguu.

Dezire aliliwasha gari, likanguruma mara moja, bila shida yoyote, akawapeleka maharusi ufukweni kwenye sherehe. Mimi sikupakiwa. Nilikwenda kwa miguu na Furaha na wale wa bidoni, ambao Papa Alida, kwa aibu ya kuwarudisha mikono mitupu, aliwaambia waje wale samaki wa mukeke na wali, na wakala, na bidoni zao wakazigeuza ngoma, na niwaambieni ile ngoma ilipigwa. Msema chochote akanipa kipaza sauti mwenyewe. "Mama Esansi, lete neno!" Zamani ningempa mtu mwingine. Nikakishika. Nikawaambia wanaume waliosukuma kwamba nawaomba radhi, mapafu yao nitayakumbuka kwenye maombi, na kwamba ndoa ikizima njiani hawa wawili wajue gharama ya kuisukuma, maana wameona. Walishangilia. Nyogokuru akauliza jirani yake, kwa sauti yake ile, "Amesema bado iko?"

Sasa nimejifunza. Siyo kwamba nisijipake kitu cha wageni, hapana, chupa ninayo, iko kabatini, nimeifunga kwenye mifuko mitatu na bado nguo za kabati hilo zina hasira. Nilichojifunza ni kwamba watu wakikuuliza kama unasikia harufu mbaya, na wewe husikii kitu, usiwakubalie kwa upole tu. Jinuse kwanza.

Na kiapo nimekiweka. Juzi msichana mwingine alikuja mpaka kwenye cherehani, akakaa, akasema amechumbiwa, bado harusi, anataka mimi niwe marene wake. Nikamwambia nimekubali, lakini naapa mbele yako, nitajipaka vaselini na maji basi. Akaonekana amenywea kidogo. Akainamisha kichwa, akachezea kitambaa mezani, halafu akaniambia polepole:

"Lakini Tanti, sisi hata gari hatuna. Sasa bila yale marashi, nani atatusindikiza?"